Gazeti Liliomba Radhi kwa Kuniita Mke

Mpendwa Bi Nuriat,

Naomba msaada wako, na nakuomba usinielekeze mahali pengine, kwa sababu lililoniingiza katika jambo hili ni gazeti hilo hilo unaloandikia, na mimi nakusoma kila wiki ukiwasema waume wa watu bila woga, kwa hiyo leo nataka uwaseme na wa ofisini kwako. Wengi wanaokuandikia huomba majina yao yafichwe. Langu usilifiche. Naitwa Gaudiosa, naishi Izigo, wilaya ya Muleba, na jina langu mlishalichapa mara moja, halafu mara ya pili hamkulichapa hata, mliniita "mwanamke huyo".

Mimi na Kagaruki tumeishi pamoja miaka kumi na minane. Hatukufunga ndoa. Nilikuja kwake kutoka kwetu Maruku nikiwa na mimba ya kwanza, kaka zangu wakakasirika, yeye akatuma wazee kuomba msamaha, wazee wakapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa wakasema mahari itakuja kahawa ikiuzwa, kahawa ikauzwa mahari haikuja, ukaja mwaka wa ugonjwa wa mama yake, nikamuuguza mimi mpaka tukamzika, nikasema sasa twende kwa padri, akasema hatuwezi kufanya sherehe juu ya kaburi bichi, na hivyo hivyo, kila mwaka na sababu yake, mpaka watoto wamefika watatu na mkubwa yuko kidato cha tatu. Kanisani wenzangu wakienda kupokea komunyo mimi nabaki nimeshika kitabu cha nyimbo. Si kwamba haikuniuma, nilizoea.

Sasa msimu uliopita senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuja wengi, na mwandishi wenu, yule kijana Twaibu wa Kamachumu, akafika Izigo kuandika habari zao. Alinikuta uani nimemaliza kuwachambua na kuwakaanga wale wa kwanza, nimewafunga kwenye jani la mgomba, nampelekea Kagaruki. Wewe ni mtu wa Bukoba, desturi unaijua, lakini niiseme kwa wasomaji wa mbali. Kwetu sisi, jinsi nilivyolelewa, mwanamke hampelekei senene wa kwanza mwanamume yeyote ila mume wake, dada hampi kaka, hawara hathubutu, na mume akishapokea hasemi asante ya mdomo, anampa mke nguo. Mimi nimempelekea Kagaruki senene kila msimu, na kila msimu amenipa kitenge, mwaka ule migomba iliponyauka alinipa khanga, lakini alinipa. Siku hiyo alikuwa ameshakiweka kitenge begani. Akapokea, akanipa, Twaibu akapiga picha, akaandika majina yetu, akaondoka na senene kidogo kwenye karatasi. Hakuuliza mimi ni nani kwa Kagaruki.

Picha ikatoka ukurasa wa sita, mimi nimeinamisha kichwa, mikono yake na yangu yote iko kwenye kitenge, na chini yake mmeandika: "Bw. Kagaruki wa Izigo akimkabidhi mkewe, Bi Gaudiosa, nguo ya msimu wa senene kama ilivyo mila."

Bi Nuriat, nilijua ni kosa. Nilijua, na nililipenda kosa lile. Hakuna mtu aliyewahi kuandika neno hilo karibu na jina langu, si padri, si mtendaji wa kijiji, si baba wa watoto wangu. Nilinunua nakala mbili, moja nikaibandika ukutani sebuleni, nyingine nikampelekea mama Maruku, naye mama hajui kusoma, akaomba asomewe hilo neno tu, akasomewa tena na tena, akacheka, akasema, "Waitu, gazeti limetufungisha ndoa." Kagaruki aliiona ile picha ukutani, akaitazama, akaenda kulala. Nilidhani amefurahi.

Wiki iliyofuata wifi yangu Klaudia, dada yake Kagaruki, akaja na gazeti amelibana kwapani. Nilimkaribisha akakataa kukaa. Akasema, "Soma mwenyewe, mimi mdomo wangu haufai kwa hili." Ilikuwa chini ya tangazo la vifaranga vya kuku, maandishi madogo, nayakumbuka kama sala:

"SAHIHISHO. Katika toleo lililopita picha ya msimu wa senene iliambatana na maelezo kwamba mwanamke anayeonekana ni mke wa Bw. Kagaruki. Bw. Kagaruki ametufahamisha kwamba mwanamke huyo si mke wake bali ni msaidizi wake wa shamba. Tunamwomba radhi Bw. Kagaruki pamoja na familia yake kwa usumbufu uliojitokeza."

Msaidizi wa shamba. Nilisoma nikadhani mnamsema mtu mwingine. Halafu nikafika kwenye "familia yake", nikajiuliza ni familia ipi hiyo iliyosumbuka, maana familia yake nilikuwa nayo pale jikoni inakula viazi, na hakuna aliyekuwa amesumbuka mpaka saa ile.

Alipokuja jioni nilimuuliza taratibu. "Kagaruki, ulipanda gari mpaka Bukoba kwenda kusema mimi ni kibarua wako?" Akasema, "Wewe nawe. Sikusema kibarua, nilisema msaidizi." Nikamuuliza ni kitu gani kilimfanya aone haja ya kwenda. "Gazeti limeandika uongo, nimeurekebisha uongo. Kwani una cheti? Lete cheti, nitakwenda mwenyewe kuomba msamaha." Kisha akaniambia gazeti ni karatasi ya kufungia maandazi, wiki ijayo watu watakuwa wamesahau, na nimpelekee maji ya kuoga. Nikampelekea.

Watu hawajasahau. Kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye kuchuma kahawa aliniuliza, wala si kwa ubaya, "Mama, wewe unalipwa kwa mwezi au kwa msimu?" na wenzake wakainama wakijifanya wanaokota kahawa chini. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo wameniondoa katika kupokea wageni, wanasema nipumzike. Binti yangu wa kidato cha tatu hataki kwenda shule, wenzake walimbandikia lile sahihisho kwenye dawati, amenikalia jikoni akaniuliza, "Mama, kama wewe ni msaidizi, sisi ni akina nani?" Nikamtuma maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Kaka yangu mkubwa anasema nirudi Maruku. Mimi nawaza, nikiondoka nitakuwa kibarua aliyeacha kazi, na nikibaki ni kibarua aliyeko kazini. Migomba ya upande wa chini wa kibanja, hili shamba la nyumbani, nimeipanda mimi, kahawa ile ya karibu na njia niliikuta imezeeka nikaikata nikaichipuza upya, sasa niende na nini, na nikifa nizikwe wapi, maana kwetu sikuolewa nikaaga na hapa naambiwa sikuolewa nikaja. Klaudia ananiambia kwa sauti ya chini ninyamaze kwa sasa, kaka yake ana mambo mengi. Ni kweli anayo, mara anashonesha suti mjini, mara kila Jumapili anasali Ijuganyondo, huko huko Bukoba mjini, akisema kwaya ya huko inamfurahisha, yeye ambaye hapa Izigo alikuwa analala mahubiri yote, na juzi amekwenda kwa katekista kuomba cheti cha ubatizo, anasema ni kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Sijui kama haya yanahusiana, nakueleza tu ili uijue hali ya nyumbani.

Swali langu ni hili. Niliandikie gazeti lisahihishe sahihisho lake? Na kama nitaliandikia, niwaambie waandike nini, maana "mke" si kweli, "msaidizi" si kweli, na neno la katikati silijui. Nisaidie hilo neno, Bi Nuriat.

Gaudiosa,
Izigo, Muleba


BI NURIAT ANAJIBU

Gaudiosa mdogo wangu,

Pole. Nakupa pole moja tu, kwa sababu umeishi kwa pole na ahadi miaka kumi na minane na hazijakufikisha popote.

Nianze na nyumba yangu kabla sijaingia kwako. Nilikwenda kwenye meza ya mhariri nikamsomea barua yako yote, nikamuuliza ni nani aliyethibitisha lile sahihisho. Akasema, "Mhusika alikuja ofisini mwenyewe, akakanusha, tukasahihisha. Ndiyo taratibu." Nikamwambia kwenye picha wahusika ni wawili, je, wa pili mlimpigia simu? Akarudi kuitazama kompyuta yake. Twaibu alikuwepo, kijana wa watu ameshikilia kamera utadhani imemkosea, akasema, "Bi Nuriat, mimi niliwaambia. Niliona senene, niliona kitenge, niulize nini tena? Nikajibiwa senene si cheti." Nikaomba tuchape sahihisho la pili. Mhariri akasema tutachapa ukileta cheti cha ndoa.

Na Kagaruki alipokuja, alileta cheti gani cha kuonyesha wewe ni msaidizi? Hakuombwa. Mwanamume alikuja na mdomo wake akaondoka na radhi yetu ya maandishi, mwanamke anaambiwa alete muhuri. Nimeona aibu kuila mishahara ya nyumba hii, na nimemwambia mhariri kwamba nitaandika hivyo, naye ameacha maneno yangu yapite. Hiyo ndiyo radhi niliyoweza kukupatia. Ni ndogo, najua.

Kwa hiyo usituandikie. Sahihisho la pili tungeliweka chini ya vifaranga kama la kwanza, watu wangecheka mara ya pili, na wewe ungebaki pale pale ulipo. Gazeti si ugonjwa wako.

Sasa nikukemee. Mwishoni mwa barua umetaja suti, umetaja Ijuganyondo, umetaja cheti cha ubatizo, halafu unasema hujui kama yanahusiana. Unajua, Gaudiosa. Mkono wako uliyaandika yote kwa mfuatano, moyo ndio ulikataa kusoma. Mimi ni Muislamu, mambo ya parokia siyajui vizuri, nikamuuliza mwenzangu Mkatoliki wa meza ya jirani: mtu mzima akiomba cheti cha ubatizo anakipeleka wapi? Akasema, "Kwenye ndoa au kwenye upadri." Niambie wewe unayelala naye, umeona dalili za upadri? Na hilo la kitambulisho cha taifa ni uongo wa mtu asiyekuheshimu hata katika kutunga uongo. Kitambulisho anacho. Asingekuwa nacho, laini yake ya simu angeisajili kwa kitu gani?

Huyo bwana anaoa. Mwanamume wa Izigo haachi kahawa yake imeanikwa nje apande gari mpaka mjini kwa sababu ya neno moja gazetini, neno ambalo alilitazama ukutani kwake akaenda kulala. Kuna mtu huku aliiona picha, akaona kitenge, akajua maana yake kama kila mtu wa hapa anavyoijua, akamuuliza, "Huyu ni nani?" Sahihisho letu halikuandikwa kwa wasomaji. Liliandikwa likatwe kwa mkasi, liwekwe mfukoni, likaonyeshwe mahali. Tumemchapia mtu kibali cha kuoa kwa wino wetu. Ninaweza kukosea siku ya harusi na jina la huyo bibi. Jambo lenyewe, naogopa sikosei.

Turudi kwenye neno ulilonitaka. Unasema "mke" si kweli. Nani kakufundisha hivyo, kama si yule anayefaidi ukiamini? Sheria ya Ndoa ya nchi hii inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, basi inadhaniwa kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Soma hapo tena: watu wakawatambua. Twaibu hakujui wewe wala ukoo wako. Alifika, akaona ulichobeba na ulichopewa, akaandika "mkewe" bila kuuliza, kwa sababu kwa mtoto wa Kamachumu hapakuwa na la kuuliza. Huko ndiko kutambuliwa. Wewe umeita kosa kitu ambacho mbele ya hakimu kinaitwa ushahidi. Dhana hiyo inaweza kupingwa, sikudanganyi, Kagaruki ana haki ya kusimama kuipinga. Na asimame, aeleze ni kibarua gani wa Muleba anayelipwa kitenge mara moja kwa mwaka, kwa mikono miwili, mbele ya watoto watatu.

Lililonikasirisha kwako si kwamba hukuolewa. Mahari ililiwa na ahadi, hilo ni la wazee wa Kagaruki waliokunywa rubisi wakasahau njia ya Maruku. Lililonikasirisha ni yale maji ya kuoga. Mtu amekufuta mbele ya mkoa mzima, na wewe unapima kama maji yamepata moto. Kuanzia leo achote mwenyewe, kisima anakijua.

Usihame. Hata kaka yako akija na pikipiki mbili, usihame, kwa sababu siku utakapotoka na fungu lako la nguo Kagaruki atasema, mnaona, msaidizi ameondoka. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote atakayoleta, hata akisema ni ya mbolea. Gazeti la kwanza libandue, lile la sahihisho nalo lichukue, yapeleke yote mawili kwa mama yako ayaweke, maana huyo bwana akishaelewa yana kazi gani hutayaona tena. Jumatatu nenda Muleba kwa ofisa wa ustawi wa jamii, mwambie unataka kufika kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na kibanja ukitaje siku hiyo hiyo ya kwanza, usingoje kuulizwa. Taja majirani waliokuona unamuuguza mama mkwe. Mtaje na Klaudia. Mtu anayekuambia unyamaze kwa sauti ya chini huwa anajua tarehe.

Binti yako amekuuliza swali na wewe umemtuma maji. Mwite leo. Mwambie yeye na wadogo zake ni watoto wa Kagaruki, wana haki kwa baba yao iwe alimwoa mama yao au hakumwoa, na hilo hakuna gazeti linaloweza kulisahihisha. Kisha avae sare aende shule, na wewe uende naye mpaka kwa mwalimu mkuu, ukaulize ni nani anayebandika magazeti kwenye madawati.

Jibu hili nimekusomea kwa simu kabla halijachapwa, kwa sababu Kagaruki naye ni msomaji wetu mzuri, kama tulivyoona. Yaliyobaki ni ya Jumapili, kabla ya hiyo Jumatatu. Mwenzangu ananiambia kwenu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na mwenye kujua kizuizi hutakiwa aseme. Hatujui zimebaki ngapi, kwa hiyo usihesabu, nenda. Mchukue mwenyekiti wa jumuiya yako, aliyekupumzisha kupokea wageni, sasa apate kazi ya kukusindikiza. Fika Ijuganyondo mapema. Kagaruki akikuona atakufuata nje kwa maneno laini, atakuita mama fulani, atasema yazungumzwe nyumbani. Mpite.

Misa ikiisha mfuate padri ofisini. Usianze na machozi, maana machozi atayaombea, na wewe hukwenda kuombewa. Mwambie umekuja kuweka pingamizi. Atakuuliza wewe ni nani kwa Kagaruki. Mjibu kwa neno moja, na usiliombee radhi.

Bi Nuriat